Nguzo ya Kumi na Moja

Wanasema milima haikutani.
Waliosema hawakufika Sheffield.
Hapa inakutana kila kona, inaamkiana,
nami katikati yao na baiskeli ya mtumba
na miaka sitini na sita.

Barabara ya Jenkin ina chuma cha kushikia kandoni,
wamewekewa waendao kwa miguu.
Manispaa haitoi pole bure.
Nimehesabu nguzo za taa: kumi na moja.
Mwezi wa pili nilishukia ya tatu,
nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu.

"Kwa umri wako," alianza daktari,
na sentensi ile sikuisubiri iishe.
Miaka thelathini wodini, zamu ya usiku,
nikisukuma vitanda vyenye gurudumu bovu:
najua kinachofuata "kwa umri wako."
Lakini alipima moyo, akausikiliza sana,
akasema uko sawa, nenda,
ila usishindane nao.

Aliyenifundisha ni Maureen Oldroyd.
Ana sabini na tatu, goti moja la bandia,
na mdomo usiojua sukari.
"Hiyo gia unayosukuma ni ya mwanao," alisema.
Fundi akanifungia nyuma gia ya meno mengi,
pana kama kisahani cha chai.
Nikaona aibu, siku moja.
Siku ya pili goti likashukuru.

Jumanne, dakika nne za kuhema, tatu za kumeza mate,
mara nne, kwenye kilima kidogo nyuma ya gereji ya mabasi.
Alhamisi, ngazi za nyumbani,
mchele kilo kumi mgongoni,
kupanda, kushuka, kupanda.
Mpanda ngazi hushuka, ndiyo,
na mimi kushuka ndiko kulikoniuma mapaja.
Ijumaa, sifanyi kitu.
Hilo ndilo lililonishinda.
Nimelelewa kuona kukaa bure ni ugonjwa,
nikawa naosha madirisha kwa siri
mpaka Maureen akanifuma na kitambaa mkononi.
"Msuli wa kizee haujengwi juu ya tandiko," akafoka,
"unajengwa kitandani. Kula maharage. Lala."
Nikala maharage.
Nikalala saa nane mchana, kama mtoto wa chekechea.

Mwezi wa nne, nguzo ya sita.
Mwezi wa tano, ya tano: mafua, na mvua isiyo na adabu.
Mwezi wa sita, ya tisa.

Halafu Jumamosi moja ambayo sikuipanga.

Usiinuke. Kaa.
Vuta pumzi kwa mbili, itoe kwa tatu.
Mabega yalegee, mikono kama inabeba yai.
Tazama mita tatu mbele, si kileleni,
kilele ni cha wenye haraka.
Ujana ni moshi, sawa,
ukienda haurudi, sawa,
lakini mji huu uliishi na moshi miaka na miaka
na si moshi uliofua chuma.

Nguzo ya tisa, mvulana wa skuta ya umeme
akanipita bila tone la jasho, akanipungia.
Ya kumi, mapaja yakaanza kunitukana kwa Kidigo,
lugha ya bibi yangu, matusi ya shambani.
Ya kumi na moja ilibandikwa tangazo
la paka aliyepotea, mweupe, sikio moja jeusi.
Nililisoma lote.
Ndivyo nilivyojua nimefika:
nimesimama mwenyewe, kwa hiari, kusoma habari za paka.

Nikampigia dada yangu, Tanga.
"Nimepanda," nikasema, "bila kushuka hata mara moja."
"Kuna nini huko juu?"
Nikaangalia. Sanduku jekundu la posta.
Mzee anamwagilia maua yaliyokwisha kunyeshewa.
Bonde zima chini, mapaa, mapaa,
na barabara ile niliyokuja nayo, nyembamba kama uzi.
"Hakuna kitu," nikasema.
Akanyamaza. Nikasikia anapepeta kitu kwenye ungo.
"Na goti?"
"Nimekuja nalo."
"Haya. Ushuke polepole," akasema,
"na breki ushike zote mbili."